Gari Lililolala Mlangoni mwa Kivuko

Jumapili, mchana. Mvua imenyesha tangu alfajiri na bado haijaamua kukatika. Sikwenda kanisani. Mabega yananiuma, na uchovu huu si wa kulala ukaisha.

Uani pako wazi. Gari halipo.

Nilidhani siku nitakayoamka nisilikute ningepiga vigelegele. Nimeamka, nimechungulia dirishani, nikarudi kukaa kitandani.

Lile gari la Kijerumani mume wangu, Baba Kulwa, alilinunua alipomaliza kazi yake kubwa ya mwisho ya ujenzi. Jeusi, viti vya ngozi, vioo vyeusi. Watu walimwita Injinia hata kabla hajalinunua, ila baada ya hapo waliliita jina hilo kwa sauti ya juu zaidi. Kisha akapata kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vikalegea, na maneno yakaanza kumjia moja moja, mengine yasije kabisa. Tangu hapo dereva ni mimi.

Na nimechoka nalo. Naandika hapa kwa sababu ndani ya nyumba hii siwezi kulisema.

Shokapu zake ni za upepo, na upepo unavuja. Likiegeshwa muda kidogo linalala, tumbo karibu liguse ardhi. Ukiwasha, pampu inalijaza tena polepole, kama mgonjwa anayeinuliwa kitandani. Fundi wetu wa Igoma anaziba hapa, siku chache panavuja pale. Mafuta nayo ni kesi ya peke yake. Baba Kulwa hataki petroli ya mahali pengine ila kituo kimoja tu, kwenye barabara ya Musoma. Mwezi uliopita nilikuwa na haraka, nikajaza kwingine. Nilipofika Mabatini likaanza kukohoa, likazima katikati ya barabara, na fundi alipomwaga tangi akakuta maji ndani ya petroli. Baba Kulwa hakunisema. Aliniangalia tu. Shemeji yangu ananishauri tulifunge mfumo wa gesi, ila gesi ya magari huku kwetu bado tunaisikia tu kwa wanaotoka Dar.

Jana tulikuwa na safari. Binti wa wifi yangu Kabula alikuwa anatolewa mahari, na Baba Kulwa ndiye mjomba. Bila yeye kikao hakianzi. Kwa Kabula ni ng'ambo ya ziwa, si mbali na gati la Kamanga. Nilimwomba tupande kivuko kama abiria wa kawaida, wifi atume mtu wa kutupokea. Akatikisa kichwa.

"Gari," alisema.

Tukaenda kujaza petroli, tukakuta kituo chetu kimekauka na lori ndiyo kwanza linajiandaa kushusha. Nikamwambia kuna kituo kingine mbele. Akatikisa kichwa tena. Tukasubiri ndani ya gari, mimi nikitazama saa, simu ya wifi ikiita na mimi nikiiacha iite.

Kivuko tulikiwahi kwa bahati. Njiani unazima injini, kwa hiyo kufika Kamanga gari lilikuwa limeshalala. Nikawasha. Taa nyekundu ikawaka, pampu ikanguruma kidogo, ikanyamaza. Nyuma yangu pikapu ya samaki ilianza kupiga honi. Nikaondoa gari hivyo hivyo. Magurudumu ya mbele yalipopanda mlango wa kushukia, tumbo likakwaruza chuma kwa sauti niliyoisikia kwenye meno, na gari likagoma. Si mbele, si nyuma.

Watu wakajaa. Mfanyakazi wa kivuko akachungulia chini, akaja dirishani kwangu.

"Mama, tutalinyanyua kwa mikono. Ila na mzee ashuke, amelemea upande wa mbele."

Hapo nielezee. Watu wa ng'ambo ile walikuwa hawajamwona Baba Kulwa akitembea tangu augue. Waliotaka kuja kumwona hospitali aliwakatalia. Tukienda kwa Kabula, tulikuwa tunaingia na gari hadi mlangoni, giza likiwa limeshaanza. Barabarani anateremsha kioo kidogo, anainua mkono wa kushoto, watu wanafurahi, tunapita. Ndani ya gari lile bado ni yule yule. Miezi yote hii nilidhani ni ukaidi wa mtu na mali yake.

Nikaanza kumwambia yule kijana kwamba mzee hawezi. Baba Kulwa akanigusa paja.

"Nashuka."

Nilimzungukia nikamfungulia mlango. Akasimama, akashika fimbo, akaukataa mkono wangu. Akauteremka ule mlango wa chuma akiburuta mguu, kivuko kizima kikimtazama. Honi ilinyamaza. Mama mmoja aliyekuwa na ndoo ya dagaa akaishusha chini, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, Injinia. Pole na safari."

"Marahaba, mama," akajibu. Neno lilitoka zima, bila kukwama. Nilikuwa sijalisikia hivyo tangu augue. Nikageuka nikajifanya naangalia gari.

Walilinyanyua, wakalisukuma hadi pembeni mwa gati, na hapo likabaki. Kwa Kabula tulifika na pikapu ile ile ya samaki, Baba Kulwa mbele na dereva, mimi nyuma na gauni langu la kitenge. Wakwe walikuwa wamesubiri. Walipomwona anaingia kwa miguu wote walisimama. Kikao kikaenda vizuri, na alipoulizwa neno lake aliwachelewesha, wakamngoja, akalisema. Jioni tulirudi na kivuko tukiwa tumekaa kwenye benchi na abiria wengine. Baba Kulwa alilala bila kula.

Asubuhi hii fundi amepiga simu. Anauliza avuke kesho na vifaa, au ampeleke mteja wake mmoja anayelitaka lilivyo. Nilikuwa na jibu mdomoni, la siku nyingi. Nikalimeza, nikamwambia nitampigia.

Sasa namsikia Baba Kulwa anakohoa chumbani, ameamka. Nitampelekea chai, nitamuuliza yeye. Halafu nitakaa pale kitandani, na hata akikwama vipi, sitammalizia sentensi.