Injini Kwanza, Maji Baadaye

Ishiara,
14 Januari 2024

Rwamba, baba yangu,

Nakusalimu kwa mikono miwili, wewe uliyebeba jina la baba yangu mzazi. Kifua je? Kile kikohozi cha vumbi la faiba ya mashua kimeisha ama unanidanganya? Ndiyo maana nataka uandike. Kwa simu ni kelele za gereji na "sawa mama, sawa mama." Barua naisoma, naikunja, nawasomea akina mama wa kanisa, halafu naisoma tena peke yangu. Sisi huku ni wazima. Mbuzi amezaa mapacha. Nthoroko, kunde zetu, zilikauka zikiwa na maua, lakini ndengu zimekubali, nimekufungia kidogo kwa hii parseli.

Sasa mtoto wako wa chuma. Tangu Agosti ulipomshusha kutoka kwa lile lori linalopeleka maembe Mombasa, yuko kibandani, hajanyeshewa hata siku moja. Panya walianza kula kiti, nikakishona upya kwa turubai, na ushonaji wangu unaujua. Betri naibeba mwenyewe hadi kwa Makandi mwenye kinu cha kusaga, anaichaji, narudi nayo kichwani. Watu wanauliza, "Mama Rwamba, umebeba nini?" Nawaambia ni betri ya pikipiki ya maji. Wanasimama kuitazama!

Kaari jirani aliniuliza, "Sasa hiyo itakimbia wapi, kwa hili vumbi letu?" Nikamwambia hoteli nzima ya pwani iliitupa ikasema imekufa, na mwanangu akaifufua kwa mikono yake. Ishiara yote hakuna mama mwingine aliye na chombo cha maji kwa boma. Wao wana mbuzi tu.

Niandikie namna ya kuiwasha, nimechoka kuipangusa tu.

Mama yako,
Wawira

*

Mtwapa,
2 Februari 2024

Kwa mama mpendwa,

Pokea salamu zangu na za mafundi wote, ndengu wamezimaliza kwa siku mbili. Kifua kipo, si kibaya. Ninafunga kitambaa nikipiga msasa.

Mama, keti kwanza. Unamkumbuka Kiogora, yule Mmeru aliyefungua kambi ya wageni kule bwawani? Amenipigia simu. Wageni wake wanapanda mashua, na anataka mtu wa kuzunguka akiwalinda, mtu aliye na chombo cha mbio na anayejua kukitengeneza. Atakuja nyumbani Jumamosi tarehe 6 Aprili aone. Ikiwaka na ikanguruma vizuri, kazi ni yangu. Nitakuwa nalala nyumbani, mama. Miaka kumi na moja ya huku imetosha.

Kwa hiyo sikiliza. Iwashe mara moja kila wiki mbili. Hiyo injini hupozwa na maji, lakini usiipe maji ikiwa imezimwa. Unganisha mpira wa maji kutoka kwa tangi, usifungue. Washa injini KWANZA. Ikishanguruma, fungua maji. Ukimaliza, funga maji kwanza, ndipo uzime injini. Ukikosa maji kabisa, iwashe uhesabu hadi kumi na tano tu, uzime. Nimekufungia plagi mpya mbili na chupa ya oili.

Na usiifanyie maonyesho. Nakujua.

Mwanao,
Rwamba

*

Ishiara,
25 Februari 2024

Rwamba, baba,

Salamu za nyumbani. Natumaini kifua kinatulia. Sisi tuko.

Barua yako niliisoma mara nne. Nililia, nikacheka, nikaenda kumwambia Kaari kwamba unarudi. Nimeanza kupaka chumba chako chokaa.

Jumapili iliyopita akina mama wa kanisa walikuja hapa kwa maombi, kumi na wawili. Waliona kila kitu. Walisifu sana kiti.

Kuna jambo Kaari anauliza, ni yeye anauliza. Mtu akikosea kidogo mpangilio wa hayo maji, akaanza na maji halafu injini, inakuwa mbaya sana ama ni kidogo tu? Yeye hupenda kuuliza vitu.

Mvua bado. Kula vizuri.

Mama yako,
Wawira

*

Mtwapa,
9 Machi 2024

Kwa mama,

Nakusalimu. Parseli yako ilikawia, barua nimeipata jana. Kikohozi kimenirudia kidogo.

Mwambie Kaari hivi. Maji yakitangulia, hayana pa kwenda. Yanarudi kwa njia ya moshi hadi ndani ya silinda. Ukibonyeza kuwasha, inasema "tak" na kunyamaza. Siku hiyo hiyo bado unaweza kuiokoa: unatoa plagi, unazungusha injini iyateme maji, unamimina oili. Ni kazi ya saa moja. Ukiiacha wiki mbili tatu, kutu inashika kila kitu ndani na injini haigeuki tena. Hapo imekufa kabisa, na hii haitafufuka.

Mama, nakuuliza wewe sasa, si Kaari. Yetu iko sawa? Hapa gerejini kuna injini nyingine kama hiyo, ya zamani lakini nzima. Tajiri, mwenye gereji, amesema naweza kuichukua kabla mtu wa Kilifi hajaja kuitaka. Nikijua inahitajika, nitaibeba kwa basi na kuifunga Ijumaa kabla Kiogora hajafika. Nimeshatoa notisi ya kuacha kazi, na mahali pangu pameshapata mtu.

Jibu upesi, hata mstari mmoja. Kwa simu unabadilisha maneno kila nikiuliza.

Mwanao,
Rwamba

*

Ishiara,
17 Machi 2024

Rwamba wangu,

Salamu. Pole na kikohozi, nimekuwekea asali ya Mbeere.

Mashine iko sawa. Inanguruma kama simba. Usijisumbue kubeba vyuma kwa basi na hicho kifua chako. Njoo mikono mitupu, mwanangu, njoo tu. Nimeshawaambia watu wote tarehe sita.

Mama yako,
Wawira

*

Ishiara,
14 Aprili 2024

Rwamba, baba yangu,

Nakusalimu ingawa sijui kama utafungua. Nimepiga simu siku sita. Inalia mpaka inakatika.

Nitaandika kama vile mtu anavyosimama kanisani kuungama, na usiruke mstari.

Ile Jumapili ya maombi, wale mama walikuwa wamezunguka kibanda. Makandi alisema, "Tuonyeshe basi, ama ni ya kuwekea kuku?" Wakacheka. Barua yako ilikuwa ndani ya nyumba na nilijua ilichosema. Lakini mkono wangu una mazoea yake. Tangu nikiwa msichana, ng'ombe wa kulima sikumtoa zizini bila kumnywesha. Hata punda wa maji, anakunywa kwanza ndipo abebe. Nikaona si vizuri kuamsha kitu kilicholala nusu mwaka na koo kavu. Nikafungua tangi. Wakaimba wimbo mzima, na mimi nikiimba pamoja nao, maji yakiingia. Kisha nikabonyeza.

Ilisema "tak", kama ulivyoandika.

Niliwaambia ni betri. Walipoenda niliketi pale na oili yako mkononi. Sikujua nifungue wapi, na aliyejua kufungua ni fundi wa pikipiki pale sokoni. Nikimwita, Ishiara yote ingejua kufika saa kumi. Nikasema nitaita kesho. Nikasema hivyo kila siku. Barua yako ya pili ilipofika ilikuwa tayari wiki tatu. Ningekuandikia nini? Kwamba mama uliyemwachia kitu kimoja tu amekiua akiimba?

Halafu siku ile ya tarehe sita. Ni mimi niliyewaalika wale watu, na viti nilikodi kanisani. Ulipobonyeza na ikanyamaza, sikukuangalia. Ulipotoa plagi na yakatoka yale maji ya rangi ya chai, nilimsikia Kiogora akiuliza, "Ni nani amefanya hii kazi?" Na wewe ukasema, "Ni mimi, mzee. Nilikosea kufungua maji nikiwa hapa Agosti." Mbele ya watu wote. Fundi wa miaka kumi na moja, ukajiita mjinga ili mimi nisiaibike, na Kiogora akapanda gari lake akaenda.

Nami nilinyamaza. Nilishika sufuria nikaendelea kupakua wali.

Jumapili nilikuita uamke unywe chai, nikakuta kitanda kimetandikwa.

Nisamehe. Andika hata neno moja.

Mama yako

*

Mtwapa,
12 Mei 2024

Kwa mama,

Salamu. Mimi ni mzima, natumaini nawe ni mzima, na mbuzi, na majirani wote.

Sina hasira ya maji. Hata mafundi wa huku hukosea hivyo, mimi mwenyewe niliwahi. Kinachonirudia ni ile barua ya tarehe 17. Injini nyingine ilikuwa hatua kumi kutoka kitanda changu. Ulipoandika inanguruma, niliisukuma mimi mwenyewe hadi kwenye gari la yule mtu wa Kilifi.

Hapa hakuna nafasi tena. Nimepata kazi ya kupaka mashua faiba kwenye visiwa huko juu kaskazini, naondoka Jumatano. Sijui anwani. Mtandao wa simu ni shida. Kifua kitazoea.

Hiyo mashine wape watu wa chuma chakavu.

Rwamba

*

Ishiara,
30 Juni 2024

Rwamba, baba yangu,

Nakusalimu popote ulipo. Umekula? Umefunga kitambaa mdomoni?

Watu wa chuma chakavu walikuja, nikawafukuza. Nimemwita fundi wa pikipiki mchana, watu wakiona, akanifundisha kutoa plagi. Sasa kila asubuhi kabla ya kukama namimina oili kwa yale matundu na kuvuta kwa spana ndefu. Mtoto wako wa chuma hajageuka bado. Fundi anasema hatageuka. Mimi navuta tu.

Na nilisimama kanisani. Mchungaji alipouliza nani ana ushuhuda, wakadhani nitajisifu kama kawaida, Makandi akaanza hata kutabasamu. Niliwaambia yote: maji, wimbo, barua ya uongo, na yale uliyojisingizia. Nikawaambia fundi wangu hakukosea. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Kiogora pia nilimpigia. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema ameshapata mtu kutoka Kisumu.

Naongeza mistari hii nikiwa nimerudi nayo: kijana wa ofisi ya basi amekataa barua hii. Anasema, "Mama, hapa hakuna jina la mji, nitaipeleka wapi?" Ni ya tatu anairudisha. Nazifunga kwenye plastiki na kuziweka chini ya kiti cha mashine, mle ulimokuwa ukiweka spana, tangu nikishone panya hawafiki.

Chumba chako bado kina chokaa mpya. Siku utakayokuja, hata kama sitakuwepo, usianze na injini wala maji. Fungua kiti kwanza.

Mama yako,
Wawira