Taa ya Jikoni kwa Mama

Mtaa wa Tena, Nairobi

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo wote, nikitumaini umeamka vizuri na mkono unaendelea kupona. Je, bado Nasimiyu wa Baba Mdogo ndiye anakusongea ugali, au umeshamfukuza jikoni kwako? Nakujua.

Mimi sijambo. Kiwandani bado tunashona yunifomu za shule, ila sasa nimepewa kazi ya kuwafunza wanaoanza, na hata msimamizi ameacha kunikagua kola. Maji ya hapa Tena huja yanapotaka, lakini hayo umeyazoea kuyasikia.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu hunisikilizi. Nikianza tu unasema kredo itaisha, halafu unakata. Sasa Nasimiyu akusomee polepole, na boksi nililotuma pamoja na barua hii lisifunguliwe kabla hajamaliza.

Siku ile ulipoanguka ukitoka jikoni na sufuria ya ugali, upepo umezima koroboi, Wafula alinipigia hata kabla hujafungwa plasta. Ndugu yangu hana ubaya, ila alikuwa ameshaamua: uhamie kwake Eldoret, na nyumba ifungwe. Nilimwomba asubiri nikutafutie sola. Akasema sawa, mradi hutatembea tena gizani, yeye hana neno. Nawe ukaniambia jambo moja tu: "Nikienda kwa Wafula, nani atawasha moto hapa?" Mama, maneno yale yaliniuma. Siku hiyo mimi, mwalimu wa wengine, nilishona kola kinyume.

Basi Jumamosi nikaenda mjini kwenye duka la sola. Wamelipanga kama sebule: makochi, kitambaa juu ya meza, televisheni kubwa na taa zinawaka mchana. Kijana wa duka akaniuliza nyumba ina vyumba vingapi. Nikamhesabia sebule, chumba chako na cha wageni, nikamchorea hadi paa, nikamwambia mabati hayo nilinunua mimi. Hakuwa ameuliza. Akanionyesha mtambo mmoja, akasema, "Chukua hii ya TV, siz. Mathe atafurahi mbaya," yaani wewe utafurahi sana. Nikakuona umekaa na akina mama wa kanisa mbele ya televisheni, wote wakiniombea baraka. Nikamwambia aniwekee, nitarudi Jumatatu.

Jioni nikampitia Mama Wanjiru, yule mama wa kutoka Murang'a anayeuza sukuma kwenye geti letu, ili nijisifu kidogo. Alinisikiliza hadi mwisho huku akikata mboga zake. Kisha akauliza, "Na mama yako anapikia wapi? Kwa TV?"

Nimekaa chumba kimoja miaka mingi, napika, nala na kulala chini ya taa ileile, hadi nikasahau kwamba kwetu jikoni ni nyumba nyingine, ng'ambo ya ua. Ramani yote niliyomchorea yule kijana haikuwa na jikoni. Ningeangazia makochi, nawe ungeendelea kupita gizani palepale ulipoanguka. Tulicheka na Mama Wanjiru, lakini moyoni niliona aibu na pia niliogopa.

Jumatatu nikatoka kazini moja kwa moja hadi dukani na mchoro mpya. Tukaacha televisheni, na kwa pesa zilezile nikapata betri kubwa ya kukesha na waya mrefu wa kuvuka ua. Nikamwambia yule kijana kwetu mvua hunyesha kila alasiri, akabadilisha paneli akanipa pana zaidi. Nilikataa kulipa hadi taa zote ziwake mbele ya macho yangu. Moja ni ya sebuleni, moja ya chumbani kwako, moja ya jikoni. Ya nne itakaa nje ukutani, imulike njia yote ya kati ya nyumba hizo mbili. Simu utachaji hapohapo, na redio pia.

Wafula alinicheka, akasema kwa taa hiyo ya uani nimenunua sola ya kuku. Nikamwambia kuku nao wana macho. Acha acheke, Mama. Mimi najivunia. Niliondoka huko nyumbani sijui hata kubadilisha betri za redio, na leo nimekuchagulia mwanga unaofaa miguu yako.

Mtoto wa Shangazi, yule fundi, atakuja kufunga. Paneli iende juu ya mabati ya nyumba kubwa, sio kwenye nyasi za jikoni. Taa ya jikoni asiiweke juu ya mafiga, itajaa masizi. Wewe simama umwonyeshe unapopita, na usimwachie aanze na sebule.

Nisalimie Baba Mdogo, na Shangazi umwambie leso yake naitafuta. Nasimiyu nimemwekea kitambaa cha sketi chini ya waya, kwa kukusongea ugali na kuvumilia maneno yako. Jirani anayekuletea maziwa mpe mkono wangu.

Ile ya jikoni iwashwe kwanza. Wafula akipiga simu kuuliza unahama lini, mwambie asubiri kidogo, unasonga ugali.

Ni mimi binti yako anayekupenda,
Nekesa