Ufa Huu Hauzibwi

4 Machi

Mwanangu Timazi,

Salamu nyingi. Hujambo wewe, hajambo mkeo, na lile jino lililokuwa likikutesa limeng'olewa? Mimi ni mzima isipokuwa magoti, na magoti yangu ni ya zamani, yana haki ya kulalamika. Nyumba uliyonijengea ina miaka mitatu tu na inalalamika kunishinda.

Ukuta wa nyuma wa chumba changu umelowa mpaka usawa wa kitanda. Vitambaa vya wateja nimevipandisha juu ya kabati, maana harufu ya ukungu haitoki hata kwa sabuni. Mlango wa mbele haufunguki tangu mwezi uliopita. Fremu imepinda, mimi na wateja wangu tunapitia jikoni. Na kuna ufa juu ya dirisha. Ulianza kama uzi, sasa natia ukucha.

Nyumba zote kumi na moja za safu hii mkandarasi wake ni wewe. Njoo uone ulichojenga.

Shangazi yako


12 Machi

Shikamoo Shangazi,

Hatujambo. Jino nimeng'oa, asante kwa kuuliza. Pole na magoti.

Usiwe na wasiwasi. Nyumba mpya hujikalia, kama mtu anayetafuta pa kuegemea kwenye kiti. Huo ni ufa wa lipu tu. Jumamosi namtuma mpaka rangi wangu auzibe, apake rangi ile isiyopitisha maji. Wahenga hawakukosea: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mwanao


15 Machi

Mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima kuliko alivyoondoka hapa mpaka rangi wako. Sikumpiga. Nilimnywesha chai, nikamwomba aweke kiganja ukutani ahesabu hadi kumi. Kiganja kilitoka kimelowa. Akafunga ndoo zake mwenyewe.

Wahenga walisema kweli, ila hawakusema tupake rangi. Ufa huu hauzibwi. Naufanyia alichotufundisha marehemu kaka yangu, baba yako, aliyekuita Timazi kwa sababu ulisimama wima kama ile kamba yake ya kupimia ukuta. Unakumbuka? Unachukua kipande chembamba cha kioo, unakibandika kwa saruji kikavuka ufa, unaandika tarehe. Kioo kikibaki kizima, nyumba imetulia. Kikipasuka, nyumba inatembea. Nimebandika vitatu leo.

Mkunga wa nyumba ya pili ameniomba kimoja. Watoto wake wawili wanalala chini ya ufa kama huu.

Shangazi


2 Aprili

Shikamoo Shangazi mpenzi,

Habari za siku? Sisi wazima. Nimesikia majirani mmeiandikia ofisi ya ujenzi, na saini ya kwanza ni yako. Shangazi, kweli? Damu yako mwenyewe?

Mkataba unasema dhamana ni mwaka mmoja, na mwaka umepita zamani. Lakini wewe si mteja, ndiwe uliyenilea. Ondoa saini, nami nitakurekebishia msingi wako wote kimyakimya. Tutapitia uani, majirani hawatajua. Wakijua, kila mmoja atataka wake, itabidi nichimbue safu nzima, na kampuni yangu itakufa. Nakuomba.

Mwanao


5 Aprili

Timazi,

Hujambo? Haya.

Vioo vyote vitatu vimepasuka. Kimoja nimekutilia kwenye bahasha hii, nimekikunjia kitambaa kisikukate.

Miaka thelathini na mbili nimeshona nguo. Mteja akirudi na gauni linalombana kwapani, simwambii gauni linajikalia. Simwambii muda umepita. Mshono wangu ni wangu hata ukivaliwa miaka kumi. Naketi, nafumua, nashona upya. Na kama kosa lilikuwa kwenye kukata, silifichi kwa kifungo.

Nami nina langu. Siku mliyochimba msingi nilikuja na chupa ya chai. Nikaona mashine inavuta maji kwenye mtaro wa msingi, na zege linasubiri pembeni. Ukaniambia ni maji ya mvua. Mvua ilikuwa haijanyesha wiki tatu, mwanangu. Nilijua, nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa najivunia kijana wangu na kofia yake ngumu. Sinyamazi tena.

Saini siondoi. Nikitengenezewa peke yangu, kwa siri, wale watoto wa mkunga nitawatazama kwa macho gani? Ukitaka kutengeneza, fumua safu nzima. Ukitaka kunishtaki, jina langu uliandike bila makosa. Na kama unaamini ni lipu tu, haya, bandika vioo kwenye nyumba zote kumi na moja kwa mkono wako, tuone.

Shangazi


20 Mei

Mwanangu,

Wiki sita hujaandika. Nimemuuliza mkeo, anasema u mzima ila huli. Kula. Nimekukasirikia, sijasema ufe njaa.

Kioo cha mkunga kimepasuka jana. Amewahamishia watoto sebuleni. Watu wa ofisi ya ujenzi wanakuja mwezi ujao. Nitawapa chai na ukweli, vyote vya moto.

Shangazi


9 Juni

Shikamoo Shangazi,

Magoti yanaendeleaje? Najua ulikwenda kliniki tarehe ishirini na sita mwezi uliopita, kwa sababu siku hiyo nilikuja. Nilibandika vioo nyumba zote, nikaanza na ile ya mwisho kwenye mwinuko, niliyoapa ni kavu. Niliwaomba majirani wasikwambie. Mkunga alikubali kwa sharti kwamba nimwombe huku namtazama usoni. Ilinichukua muda.

Jana nilirudi kuvisoma. Vinane vimepasuka. Cha mwinukoni pia.

Yale hayakuwa maji ya mvua. Ni chemchemi. Ramani ya mhandisi ilikuwa na mtaro wa kokoto na bomba nyuma ya safu nzima, wa kuyaondoa maji. Sikuuchimba. Mvua za msimu zilikuwa zinakaribia, nami nilikuwa nimeshaahidi tarehe ya funguo. Nikajiambia zege litayanyamazisha. Baba angenichapa kwa ile timazi yake.

Haya yote nimeyaandika na kuyapeleka mwenyewe ofisini. Kwenye barua yenu nimetia saini yangu, ya mwisho, chini ya zenu zote. Wanaweza kuninyang'anya leseni. Naogopa, Shangazi, sikufichi. Jumatatu nakuja kufumua. Nianze na kwako?

Mwanao


11 Juni

Mwanangu Timazi,

Magoti yamesikia habari zako, yametulia kidogo. Nimelia, kisha nikaosha uso nikarudi kwenye cherehani.

Usianze na kwangu. Anza kwa mkunga. Mimi nitangoja zamu. Miaka yote hii nimewaambia wateja "njoo kesho", acha nami nionje.

Usije alfajiri wala usipitie uani. Njoo saa nne, watu wote wakiwa nje. Watakusema. Wasikilize mpaka wamalize. Nitakuwa karibu, lakini sitakutetea.

Halafu uje kula. Upitie mlango wa mbele. Haufunguki, unajua. Sukuma mpaka ufunguke, maana ule wa jikoni sikufungulii.

Shangazi yako