Maoni Yasiyo na Jina

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta mzima, umeshiba, na kile kikohozi ulichoondoka nacho kimekuchoka na kukuacha. Sisi hatujambo. Mama ana afya njema isipokuwa goti lake la kushoto, ambalo husema si lake bali ni la mwajiri, kwa kuwa limeharibikia kazini kwenye meza ya kukunjia nguo. Mimi niko kidato cha tatu sasa, nami nimerefuka hata majirani wananiuliza nitaacha lini.

Miezi saba imepita tangu uondoke. Barua zako mbili nimemsomea mama kwa sauti, naye alizipenda sana, hasa ile uliyomweleza jinsi unavyojipikia na kuunguza. Lakini katika zote mbili hukuuliza lolote kuhusu kiwandani, na najua mama aliliona hilo. Leo nataka nikupe habari za kiwandani, na nakuomba kwa heshima zote usiikunje barua hii kabla hujafika mwisho.

Mambo yalianzia shuleni. Mwalimu wetu wa biashara alitupa mada ya mdahalo: kampuni inayoweka mpango maalumu wa kuajiri watu wa kila aina, je, inajiimarisha au inajidhoofisha? Mimi nikapangwa kuwa msemaji wa kwanza wa upande wa kudhoofisha. Nilifurahi, kwa sababu nilijiambia kwamba ushahidi ninao nyumbani, wenzangu watautafuta wapi? Hotuba niliimaliza kabla kengele ya chakula haijalia.

Nilieleza kwamba kuna kiwanda kimoja cha nguo kilichobandika langoni picha kubwa ya watu wanaocheka, na chini yake maneno Mlango Uko Wazi kwa Wote. Mwezi huohuo kiliajiri wafumaji tisa wapya chini ya mpango huo, wawili wao wakiwa viziwi, na cheo cha msimamizi wa zamu ambacho fundi mitambo mmoja hodari alikingojea miaka sita kikapewa mwanamke kutoka chumba cha ukaguzi. Wiki ya tatu, majora kumi na moja ya kitambaa yakaharibika kwa siku moja kwa sababu mfumaji mpya alipewa maagizo na fundi huyo, akaitikia kwa kichwa, kisha hakufanya lolote. Fundi akalaumiwa, akaondoka, na kampuni ikapoteza mkono wake bora. Nikamalizia kwamba huko ndiko kujidhoofisha.

Mwalimu aliisoma mara mbili, akasema imeandikwa vizuri ila nimemsikiliza mlalamikaji peke yake. Aliniuliza kama mshtakiwa naye nimempa nafasi ya kusema. Nilikiri kwamba sijampa. Basi akaniandikia barua ya kuniombea ruhusa, na siku ya kwanza ya likizo nikaingia kiwandani nyuma ya mama, nikiwa na daftari na kalamu mbili.

Kaka, wewe umekaa mle miaka mingi labda hukumbuki mtu anavyohisi mara ya kwanza. Kelele ya ile mitambo haiingii masikioni tu, inaingia tumboni. Vumbi la pamba limetanda juu ya kila kitu kama unga. Mama alinikabidhi kwa msimamizi wa zamu, yule mwanamke wa ukaguzi, akarudi kwenye meza yake. Siku hizi wanamwita Bi Chaki, na nitakueleza kwa nini.

Nilimwogopa. Nilitegemea mtu wa majivuno, kumbe ni mama mfupi mwenye viatu vilivyolegea kisigino, anayetembea haraka na kuongea polepole. Nilimuuliza swali langu la kwanza kama nilivyoliandika, kwamba je, haoni kuwa amepewa cheo kwa sababu ya mpango. Hakukasirika. Alisema kwamba ndiyo, bila mpango wasingemfikiria, kwa kuwa katika miaka kumi na minne hakuna aliyewahi kumuuliza kama anataka. Kisha akasema kwamba mpango wenyewe ulianza vibaya, kwa kuwa picha ilifika ukutani kabla mafunzo hayajafika kwa watu. Wafumaji tisa waliletwa asubuhi moja, wakaonyeshwa mitambo, basi. Hakuna fundi hata mmoja aliyeambiwa ni nani kati yao asiyesikia.

Hapo nilisimamisha kalamu, kwa sababu siku zote nilidhani ulijua.

Akanieleza desturi ambayo wewe unaijua kuliko mimi. Kwa sababu ya kelele, wakati wa kupokezana zamu anayetoka humwinamia anayeingia, humwambia sikioni ugonjwa wa mtambo, humpiga bega mara mbili, na yule akiitikia kwa kichwa maneno yamekwisha pokewa. Baba zao walifanya hivyo na wao wakafanya hivyo. Siku ile ulimwinamia mfumaji wa mtambo namba saba, ukamwambia nyuzi zimelegea upande wa kulia asiuwashe mpaka azikaze, ukampiga bega mara mbili. Naye akaitikia kwa kichwa.

Nilimkuta mtu huyo palepale penye mtambo wake. Ni kijana wa umri wako, mwembamba, anacheka kwa mabega. Zamani walimwita Bubu. Sasa wanamwita Fundi Saba. Wakati wa mapumziko Bi Chaki alitukalisha kwenye benchi nje ya stoo, tukazungumza kwa kuandikiana katika daftari langu. Nilimuuliza kwa nini aliitikia jambo ambalo hakulisikia. Alichukua kalamu akaandika, nami nakunakilia kama ilivyo:

"Nilidhani kupigwa bega ni salamu ya mafundi. Wiki tatu hakuna aliyenisalimia. Nilifurahi, nikaitikia."

Kaka, niliisoma sentensi hiyo, kisha swali langu la pili nikalikata kwa mstari. Yeye ndiye aliyeendelea kuandika. Aliuliza yule fundi mrefu alikwenda wapi, na kama ni kwa sababu yake.

Sasa nikueleze habari ya chaki. Baada ya majora yale kuharibika, wengi walitaka wapya wote waondolewe. Bi Chaki aliomba mwezi mmoja. Alipachika kibao cheusi ubavuni mwa kila mtambo, akaagiza kwamba anayetoka zamu aandike ugonjwa wa mtambo na anayeingia aweke alama kuonyesha amesoma. Mafundi wa zamani walimcheka. Walisema amewarudisha chekechea, wakaanza kumsalimia kwa kuimba kama watoto wa darasa la kwanza, naye akawaambia wakae chini. Lakini mwezi ulipokwisha akanakili yaliyoandikwa, ikaonekana kwamba mtambo namba saba ulilegeza nyuzi kila baada ya siku tatu, na namba mbili na namba kumi pia, na kwamba huo si ugonjwa mpya. Ulikuwepo miaka yote. Kila zamu iliambiwa sikioni, ikakaza, ikaondoka, na hakuna aliyejua kwamba zamu ya jana iliambiwa hayohayo. Wakabadilisha vyuma fulani vilivyochakaa. Mama anasema tangu hapo nguo zenye kasoro zinazofika mezani kwake zimepungua mpaka siku nyingine anakunja saa nzima bila kutupa moja pembeni.

Sitaki kukudanganya kwamba kila kitu kimekuwa asali. Kati ya wale tisa, wawili wameacha kazi. Mzee mmoja mfumaji aliniambia bado anaona wanapendelewa, na kwamba siku hizi ukitaka kupanda cheo lazima uvae sketi. Mama alikuwa akipita na rundo la mashuka, akamjibu bila kusimama kwamba yeye ameivaa sketi miaka kumi na tisa na cheo hajakiona, kwa hiyo amweleze ameikosea wapi. Wote walicheka, hata yule mzee. Bi Chaki mwenyewe aliniambia kwamba ukimfungulia mtu mlango na ndani hukumwekea kiti, umemdhoofisha yeye na umeidhoofisha nyumba yako.

Kisha akavuta droo ya meza yake akanionyesha kikaratasi.

Kaka, hapa ndipo nimekuwa nikizunguka kufika tangu mstari wa kwanza. Kilikuwa kile kikaratasi cha sanduku la maoni, kisicho na jina, kilichoandikwa kwa herufi kubwa: KAMPUNI INAAJIRI WATU WA KUPIGA NAO PICHA. MSIMAMIZI MPYA NI PAMBO. BUBU WA NAMBA SABA ARUDI KWAO. Kile ambacho meneja alikisoma mbele ya watu wote, na watu wote wakakugeukia wewe, kwa sababu maneno ya picha ulikuwa umemwambia rafiki yako fundi umeme wiki hiyohiyo. Kile ambacho kwa ajili yake uliandikiwa onyo, ukakataa kulitia sahihi, ukasema fundi umeme amekuuza, ukavunja urafiki naye mbele ya lango, ukaondoka.

Kile kikaratasi nilikiandika mimi.

Uliyasema maneno ya picha mezani kwetu, ukiwa na hasira, na jinsi ulivyoyasema niliona uchungu wako wa miaka sita. Hukusema msimamizi ni pambo. Hilo nililiongeza mimi. Na neno baya kuhusu mfumaji niliongeza mimi pia, ili liume. Jumamosi nilipompelekea mama chakula nilikitumbukiza kwenye sanduku lililoko langoni, nikarudi nyumbani nikijiona nimekutetea. Nilifikiri watasoma, watatubu, watakupa cheo chako. Sikufikiri watatafuta mwenye maneno.

Siku uliporudi ukatupa ovaroli sakafuni, nilifungua mdomo nikuambie. Ukasema hutaki kusikia sauti ya mtu yeyote. Nikautumia usemi huo kama ruhusa. Kesho yake nikasema nitakuambia jioni, na kesho kutwa ukawa umeshafunga begi. Uongo wa siku moja mtu anaweza kuung'oa kwa mkono, lakini huu wangu umekaa miezi saba na umeshaota mizizi. Kila barua yako niliyomsomea mama niliisoma kwa kukatizakatiza, naye akidhani ni upweke.

Bi Chaki hakujua. Alinionyesha kikaratasi kama mfano tu, akasema mstari wa kwanza una ukweli, ndiyo maana amekitunza, ila mistari mingine ilimfanya alie ndani ya choo cha wanawake kisha anawe uso na kurudi zamu. Nilimwambia palepale. Alikilaza kikaratasi juu ya meza, mitambo ikipiga kelele nje ya dirisha. Nilitaka anigombeze. Alisema tu, "Mimi umeniomba radhi, nimesikia. Lakini si mimi niliyefukuzwa na hiki."

Tulikwenda kumwita mama. Siwezi kukuelezea uso wake, utauona mwenyewe siku utakayomuuliza. Alinishika mkono tukapanda ofisini, na mimi nikaandika maelezo mbele ya meneja, safari hii kwa jina langu na la shule yangu. Lile onyo limetolewa kwenye faili lako na mahali pake pamewekwa maelezo yangu. Meneja alisema uongozi nao ulikosea kumhukumu mtu kwa kufananisha maneno, na kwamba atakuandikia. Mama amesema adhabu yangu atanipa wewe ukishajibu, kwa hiyo naisubiri pamoja na barua yako.

Kisha nilimfuata Fundi Saba pale benchini nikamwandikia yote, pamoja na lile neno. Alisoma, akafunga daftari, akaondoka. Kesho yake aliniita kwa mkono akanifundisha ishara tatu: asubuhi njema, asante, na samahani. Hiyo ya tatu alinirudisha mara nne mpaka nikaipata sawasawa.

Fundi umeme pia nimemweleza. Amekuwa akimuuliza mama habari zako kila Ijumaa kwa miezi saba, na mama hakutaka kukuandikia kwa kuogopa utakasirika. Anasema yeye hana kinyongo, ila anakudai maelezo, na pia anakudai bisibisi yake.

Kuhusu mdahalo, nilimwomba mwalimu anihamishe upande, akakataa. Alisema nibaki nilipo na niseme ukweli wa upande huo. Basi nikasimama nikasema kwamba mpango wa aina hii unaidhoofisha kampuni pale unapoishia kwenye picha, na unapomwacha mwenyeji bila kuelezwa na mgeni bila kufundishwa, na nikatoa mifano. Tulishindwa kwa kura sita. Msemaji wa upande wa pili aliniambia baadaye kwamba hotuba yangu ndiyo iliyomsaidia kushinda, na sikujua nishukuru au nilie.

Jambo la mwisho, ambalo Bi Chaki amenituma nilifikishe bila kuongeza wala kupunguza. Nafasi ya fundi mkuu wa mitambo itatangazwa mwezi ujao. Hakuahidi kitu. Alisema watakuwepo waombaji wengine, na kwamba atakayeshika nafasi hiyo atafundisha wapya wote mwezi mzima kabla hawajagusa mtambo. Alisema pia kwamba hajaona mtu anayesikiliza mtambo kama wewe, na kwamba angependa kukuambia hilo uso kwa uso.

Sikuombi unisamehe kwa haraka. Nakuomba tu usiendelee kukaa mbali kwa kosa ambalo si lako. Kama hasira bado ipo, njoo nayo. Nyumba hii ina nafasi ya kukutosha wewe na hasira zako zote, na mimi nitakaa karibu nazo mpaka ziishe.

Mama anakusalimu sana, na anasema ule mboga. Majirani wote wanakusalimu. Nami nakuinamia kwa heshima na mapenzi, nikingojea jibu lako hata likiwa la mstari mmoja.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba