Mvua Inayopanda Juu

9 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Hali yako? Na magoti ya mama yanasemaje? Mimi mzima, ila mikono imejaa wino wa kiwandani.

Kaa mkao wa kula. Ile picha yako ya mvua imepita. Bosi wetu, yule mama mwenye kiwanda cha uchapaji, ameichagua kwa kalenda ya mwaka ujao, ukurasa wa msimu wa mvua. Kilichomvutia ni yale matone yanayopanda juu badala ya kushuka. Akaniuliza, “Dada yako alilipata wapi wazo hili?” Nikamwambia ni dua ya mtu asiyeweza kutembea, anairudishia mbingu machozi yake. Bosi akajifuta macho. Maneno hayo yatachapwa chini ya picha pamoja na jina lako.

Wenzangu sasa wananiita Bwana Mvua.

Mdogo wako

20 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Magoti ya mama yanalalamika, naye anayajibu. Mimi nina hasira, kwa hiyo ni mzima kabisa.

Dua gani? Umeniona nikichora tangu ulipokuwa na kamasi. Brashi iko mdomoni, shingo haifiki juu ya ubao, basi mama huugeuza ubao kichwa chini ili nichore mbingu. Safari hii rangi ilikuwa nyepesi mno, ikachuruzika kabla hajaugeuza tena. Ndiyo maana mvua inapanda. Niliiacha kwa sababu ilinichekesha.

Na wazo? Mfereji wa paa umeziba. Kila msimu wa mvua maji yanaingia kitandani kwangu, na mama anapanda stuli na ndoo, anamtukana mwenye nyumba mpaka mvua yenyewe inaona haya. Mama ndiye niliyemchora. Mwenye miguu yake akichora mvua, wanasema amechora mvua. Mimi nikichora mvua, nimelia. Nani aliwaambia kila kiti cha magurudumu kina dimbwi la machozi chini yake?

Yafute maneno yale. Jina langu halikai chini ya uongo.

Dada yako

4 Machi

Dada,

Shikamoo tena, na hasira hasara. Nakuombea upoe.

Mfereji ulioziba hauuzi kalenda. Watu wanataka kitu cha kutundika sebuleni, si ugomvi wa wapangaji. Nimembembeleza yule mama mpaka mate yamenikauka, leo mlango umefunguka, wewe unaupiga teke. Na usinijibu kwamba huna mguu wa kupigia teke, nakujua.

Ni sentensi moja tu. Itamuua nani?

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Sisi tupo, na mvua zimeanza. Naandika kwa kalamu ya mdomoni, sina maneno ya kupoteza.

Ukurasa ule nautaka kuliko unavyoutaka wewe. Picha zangu zote zimeishia kwenye kuta zetu, na moja kwa jirani, kaziba nayo dirisha. Natamani kutundikwa kwa watu nisiowajua. Lakini wewe umenisemea kama marehemu. Mwambie bosi wako aniulize mwenyewe.

Dada yako

15 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili.

Nilikwenda kwa bosi. Nikasema, “Mama, ile dua niliitunga mimi. Muulize mwenyewe, namba yake hii hapa.” Akanitazama, akasema, “Kwani anaongea?”

Tangu mwaka jana namsimulia habari zako: miguu yako, shingo yako, brashi yako. Kumbe sikuwahi kumwambia hata neno moja ulilolisema.

Atakupigia wiki hii. Ongea naye upendavyo. Likitokea la kutokea, nitalibeba.

Mdogo wako

30 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole ya kazi. Mama anakusalimu.

Alipiga. Mama alinishikia simu sikioni. Yule mwanamke aliongea polepole, kwa sauti kubwa, kama anamwita mtoto ng'ambo ya mto. Nikamweleza rangi ilivyochuruzika. Nikamweleza mfereji. Akauliza kama sina jambo lolote la kuwafariji watu. Nikasema, “Jambo sina, turubai la kuzuia mvua ninalo.” Mama akacheka hadi akaiangusha simu.

Kesho yake ukaja ujumbe: ukurasa umepewa picha ya maua. Usinipe pole. Nilikuwa nimeshatangaza mtaa mzima. Nililia, tena sana, na hayo machozi hakuna aliyeyataka kwenye kalenda.

Sasa nachora picha nyingine. Mwanamke yuko ofisini, ameshika simu, mdomo wazi. Kwa kuwa sijawahi kumwona, nimemtungia sura, na sikumuuliza. Macho yake nimeyajaza machozi, nadhani atayapenda. Ukimwona kazini mwangalie vizuri, uniambie kama nimemkosea.

Dada yako