Shahidi wa Kwanza

Mdogo wangu wa mwisho,

Marahaba! Najijibia mwenyewe, maana nikisubiri shikamoo yako nitazikwa bado nimetega mkono. Wewe mwanamke una moyo au una kokoto? Mvua zimekuja, zimekwenda, zimerudi tena, nawe hujatia mguu kwangu. Miguu ya kwenda kwa wakwe zako unayo, ya kuja kwa dada yako imeota mizizi. Haya, nimekwisha kukugomba, roho imetua. Hujambo lakini? Shemeji hajambo? Kile kikohozi chake bado anakikana huku anakohoa? Wajukuu waambie bibi yao mkubwa anawapenda wote, hata yule mtundu aliyenivunjia birika. Mimi mzima. Magoti yananung'unika, lakini yanatii.

Anayeniandikia ni jirani yangu, binti mwoka mikate, kwa kuwa mimi na kalamu hatukuwahi kujuana. Nimemwambia aandike kila neno kama ninavyolitema, asilipake poda, hata nikijitukana.

Lile duka la magodoro lililotazamana na mlango wangu limefungwa. Amelichukua bwana mmoja mnene, mpole, mtaa umempa jina la Kreti kwa sababu hajawahi kuonekana bila kreti ya chupa mikononi. Amefungua baa. Mwanzoni alifunga mapema, tukanyamaza, kwani mtu akinywa chake mimi kinaniwasha nini? Hata marehemu mume wangu hakuwa mgeni wa chupa. Kisha likabandikwa tangazo kwamba Kreti ameomba leseni ya kuuza pombe mpaka karibu na alfajiri, na mwenye pingamizi alipeleke kwenye bodi ya leseni. Wala hakuingoja hiyo bodi. Alianza kukesha papo hapo, kana kwamba mtoto ameshazaliwa na kilichobaki ni kumpa jina.

Aliyeumia kuliko wote ni huyu anayeandika. Chumba chake na baa ni ukuta kwa ukuta. Kazi yake inamtaka alale watoto wakiwa bado wanacheza nje, aamke kabla ya jogoo akawashe tanuri kule bekari. Asubuhi moja alisinzia amesimama, akaliegemea tanuri, mkono ukaungua toka kiwiko mpaka kiganja. Hapa amesita, eti hayo si ya kuandika. Nimemkazia macho, ameandika. Tajiri yake amemwonya kwamba akisinzia tena akatafute pengine pa kusinzilia.

Basi fundi cherehani akaitisha kikao, kikafanyika barazani kwangu. Fundi viatu alitaka twende na mawe. Kinyozi akamwuliza mawe hayo atayarusha kwa mkono upi, maana wa kulia kila Jumamosi umeshika glasi mle mle ndani. Watu wakacheka mpaka mtu akaanguka na kigoda. Mimi nikasema sisi si wahuni, twende mbele ya bodi tukaseme kwa vinywa vyetu. Wakaulizana nani atatangulia kusema, na macho yote yakaja kwangu. Bibi mzee, kichwa cheupe, anakaa uso kwa uso na baa. Nani atathubutu kumbishia? Nilikubali hawajamaliza kuniomba. Mdogo wangu, nilikuwa nimezoea kusalimiwa na kupitwa. Siku hiyo waliniletea kiti chenye mto.

Toka hapo kila alasiri mwoka mikate akitoka kazini nilimketisha mbele yangu, nikamwuliza usiku umekuwaje. Akanieleza: wimbo gani uliorudiwa mpaka ukachosha, nani kamwita mwenzake mwizi, glasi ngapi zimepasuka na nani kalia kwenye ngazi akimtaja mkewe. Nilimdanganya kwamba nataka kulinganisha na niliyoyasikia mimi.

Siku ya bodi ilipofika tulijaa ukumbini, tumevaa nguo za heshima. Mwenyekiti ni mama mmoja wa miwani, ana sura ya mtu asiyependa kupotezewa wakati. Nikakaa mbele yake na kuanza. Nilisema sina usingizi. Nikautaja wimbo, nikataja matusi na glasi, hata yule wa kulia kwenye ngazi sikumwacha. Fundi cherehani alikuwa akijifuta machozi kwa kipande cha kitambaa cha mteja. Niliona mwenyekiti ameinamisha kichwa kwa huruma, nikajua tumeshinda.

Tulishindwa. Kreti amepewa leseni yake, mpaka karibu na alfajiri, kama alivyoomba.

Ningependa kuishia hapo nikutakie heri. Lakini huyu binti amengoja na kalamu yake mpaka chai imepoa. Kushindwa kwenyewe nimekuleta mimi, na nisipokuambia wewe niliyekulea mgongoni, nitamwambia nani?

Mdogo wangu, mimi ni kiziwi.

Lilianza sikio moja, nikasema ni nta. Likafuata la pili, nikasema watu wa siku hizi wananong'ona. Sasa ni kimya kama ndani ya mtungi. Nawatazama watu midomo, na ninaowazoea nawaelewa wakisema taratibu. Hiyo baa sijapata kuisikia hata mara moja. Nalala fofofo, naamka nimeshiba usingizi, halafu nakwenda kumchota huyu mtoto maneno ya usiku wake mbaya nikayaseme kama yangu. Aibu ya uziwi ndiyo iliyonitia katika aibu ya uongo. Niliona wakijua sisikii, kiti chenye mto kitarudi ndani.

Kumbe, nimeambiwa baadaye, Kreti alikuwa amekwisha kunijua. Siku moja alikuja kuniomba nisimpinge, akabisha hodi mlangoni mpaka mkono ukamuuma, nami nimempa mgongo nachambua mchele. Akaenda kumwambia wakili wake. Huyo wakili, kijana mwembamba mwenye suti iliyombana kama ganda la muwa, aliomba ruhusa ya mwenyekiti, akapita nyuma ya kiti changu. Walikuwa wameleta spika ya baa, wakaifungulia hapo mgongoni pangu mpaka mwisho. Mimi nilihisi sakafu inatetemeka, nikadhani ni lori. Nikaona mwenyekiti kaziba masikio, nikadhani nimemgusa sana na maneno yangu. Basi nikaongeza chumvi. Nikasema natamani na nyumba yangu ingepata utulivu kama wa ukumbi huu.

Nikaona midomo yote imefunguka. Wa upande wa Kreti walikuwa wakicheka. Wa kwetu hawakucheka.

Kama hilo lingekuwa langu peke yangu, ningelimeza. Zamu ya mwoka mikate ilipofika alisimama na mkono wake una bandeji, akasema ukweli wake: wimbo ule ule, matusi yale yale, mwanamume yule yule wa kwenye ngazi. Yalikuwa maneno yake tangu mwanzo, lakini mimi nilikuwa nimeyatangulia kuyasema, tena kwa kinywa cha mwongo. Wakili akasema mbele ya watu kwamba ni dhahiri tumefundishana. Mwenyekiti hakumwuliza huyu binti swali hata moja. Hata mkono hakuutazama.

Tulirudi nyumbani binti kanishika mkono, anatazama mbele, kwa hiyo sikujua kama anasema au amenyamaza. Leo nimemwuliza. Anasema alikuwa akinitukana njia nzima, tena hakuchagua. Nimemwambia aliandike hilo kwa herufi kubwa. Amecheka, halafu amelia, nami nikalia, karatasi ya kwanza tukaiharibu.

Sasa na wewe. Simu zako nilikuwa naziona zikiwaka na kuzima. Ukadhani nimekasirika kwa maneno ya ile siku ya mazishi ya mume wangu, ukaacha kupiga, halafu ukaacha kuja. Sikuwa na hasira nawe hata chembe. Niliogopa kuzipokea ukanigundua. Nimekugomba juu hapo kwa kosa ambalo ni langu, lakini sifuti, maana ulistahili kidogo.

Chumba chako cha nyuma, kile cha upande wa tangi la maji, nimempa mwoka mikate. Kuta zake nene, baa haifiki huko. Analala toka jua likiwa bado juu, na mkono unapona. Nilikuwa nakitunza kitupu kwa ajili yako na kwa kiburi changu. Sasa utalala na mimi kitanda kimoja kama zamani, na ukipiga mateke nitarudisha.

Shemeji msalimie, mwambie anywe dawa. Watoto uwashike vichwa mmoja mmoja kwa niaba yangu. Nakuja kukuomba msamaha kwa barua kwa sababu uso kwa uso nitaanza mzaha.

Ukija, na uje upesi, usibishe hodi. Mimi sitakusikia, na huyu mtoto utamwamsha. Zunguka uani kimya kimya, uje usimame mbele ya macho yangu.

Ni mimi dada yako, niliyekubeba.