Mstari Wako, Bwambale

Ndugu yangu Bwambale,

Kuna jambo nimekuficha tangu siku ile tulipochagua mwenyekiti wa kijiji kwa kupanga mistari. Daktari wa Bwera ameniambia ukweli wa mwili wangu bila kuzunguka. Nami nikuambie wangu.

Unakumbuka uwanja wa shule, matope, watu wakijipanga nyuma yako na nyuma ya Masika. Ofisa aliyetumwa kutusimamia alitafuta mtu wa kumhesabia. Ukasema, "Mwalimu ahesabu. Amehesabu watoto yetu miaka thelathini, hakuna mwenye alipotea." Watu wakacheka. Nikahesabu, nikatangaza kwamba Masika amekushinda kwa mtu mmoja. Hukubisha. Ulimpa mkono, kisha ukaja kwangu kunywa chai.

Nilikuwa mjane, na wewe ndiye uliyenijia kila alasiri na ubao wa mweso kwapani. Siku moja, ukiwa umenila kete zote, ulisema, "Kama nilipata ile kiti, saa hii niko nasikiliza kesi ya mbuzi. Wewe ungecheza na nani, mzee? Na paka?" Nilicheka, lakini sikukutazama.

Masika ameongoza vizuri. Bomba la maji limefika hadi kwa wale wa juu, na ugomvi wa mipaka anaumaliza palepale shambani. Nawe umeteremka Bulembia kwa binti yako. Mimi nalala mlango ukiwa wazi, naiona kahawa yako ikiiva ng'ambo ya kijito, na moyo umetulia kuliko ninavyostahili. Alasiri zile zilikuwa tamu. Ila nilizichukua kwako bila kukuomba.

Ukisoma haya ukaamua usije, nitaelewa, na hii iwe kwaheri yetu. Ukija, ubao uko chini ya kitanda.

Mwisho wa mstari wako mama yako alikuwa amekaa chini, miguu imemshinda, na dada yako Biira amechuchumaa kando akimshikia mwavuli. Mama aliniuliza, "Mwalimu, na sisi tuko ndani?"

"Muko ndani, mama," nikamjibu.

Sikuwahesabu. Ulishinda wewe, Bwambale, kwa mtu mmoja.

Rafiki yako wa barazani,
Mwalimu